Mzee wa Kanisa Aliyejenga Maabara: Maisha ya James Clerk Maxwell

Katika makanisa yetu tunajua namna jengo linavyochelewa. Msingi huchimbwa kwa shangwe na matofali huletwa, kisha majani huota ndani ya kuta kabla mabati hayajapatikana. Leo tunapenda kusimulia maisha ya mkristo mmoja aliyepewa kazi ya namna hiyo, si ya kujenga kanisa, bali maabara ya fizikia, ambayo wengi wetu huiita laboratwari.

James Clerk Maxwell alizaliwa Edinburgh, Uskoti, tarehe 13 Juni 1831, akalelewa Glenlair, kwenye shamba la baba yake. Mama yake ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza, akamfundisha kusoma na kukariri Maandiko. Alipofika umri wa miaka minane, mtoto huyo alijua kwa moyo Zaburi ya 119 yote. Mwaka 1839 mama alikufa kwa kansa ya tumbo. James alibaki na baba yake, na tabia yake ya kuuliza kila kitu kinafanyaje kazi haikumtoka.

Alisoma Edinburgh na Cambridge, akafundisha Aberdeen, kisha London. Mwaka 1858 alimwoa Katherine Dewar, binti ya mkuu wa chuo alichofundisha Aberdeen. Walipokuwa London hawakuwa na maabara, kwa hiyo walifanya majaribio juu kabisa ya nyumba yao, chini ya paa. Katherine alichochea moto ili joto la chumba libaki sawa wakati mumewe alipopima hewa.

Ni katika miaka hiyo Maxwell alionyesha kwa hesabu kwamba umeme, sumaku na mwanga ni ndugu wa nyumba moja, na kwamba mwanga ni mawimbi ya umeme na sumaku. Redio inayoleta mahubiri vijijini kwetu, na simu iliyo mfukoni mwako, hutumia mawimbi ya jamii hiyo hiyo.

Mwaka 1865 aliacha kazi London na kurudi Glenlair. Huko alikuwa mzee wa kanisa la Corsock. Aliongoza maombi nyumbani mwake, akawatembelea wagonjwa wa kijiji, akawasomea na kuwaombea. Angeweza kumaliza siku zake hapo kwa amani.

Lakini Cambridge palikuwa na upungufu. Chuo kikuu kile kilisifiwa kwa hesabu, ila mwanafunzi aliweza kupata digrii bila kushika waya wala sumaku. Huko Glasgow, profesa William Thomson alikuwa amekwisha kugeuza ghala la divai kuwa mahali pa majaribio. Kamati ya Cambridge ilitoa shauri mwaka 1869: awekwe profesa wa fizikia ya majaribio, ijengwe na maabara. Gharama yote ilikadiriwa kuwa pauni 6,300. Vyuo vya Cambridge vilikuwa na mali, lakini havikupatana nani atoe. Shauri likakwama.

Mwaka 1870 William Cavendish, Mtawala wa Devonshire na mkuu wa chuo kikuu, alijitolea kulipa. Kiti cha profesa kilitakiwa kwanza kwa Thomson, naye akakataa. Mwaka 1871 akachaguliwa Maxwell.

Kabla ya kuchora chochote alizitembelea maabara za Glasgow na Oxford, akaangalia yaliyofaa na yasiyofaa. Kisha akakaa na mchoraji wa majengo, William Fawcett. Meza za kupimia ziliwekwa juu ya nguzo zisizogusa sakafu, ili hatua za watu zisitikise vyombo. Wakati kuta zilipokuwa zikipanda, profesa hakuwa na chumba chake. Alifundisha katika vyumba vya kuazima, muhula huu kwa watu wa kemia, muhula ule kwa watu wa mimea. Gharama nayo ikapanda. Jengo peke yake lilipita pauni 8,000, na mtoaji hakurudi nyuma. Maabara ya Cavendish ilikabidhiwa mwaka 1874.

Kwenye milango yake yalichongwa kwa Kilatini maneno ya Zaburi 111, mstari wa 2, unaohusu ukubwa wa kazi za Mungu na furaha ya wanaozitafuta.

Si wote waliofurahi. Isaac Todhunter, mwalimu maarufu wa hesabu hapo Cambridge, aliandika mwaka 1873 kwamba mwanafunzi hana haja ya kuona jaribio kwa macho. Amwamini mwalimu wake, ambaye mara nyingi ni mchungaji. Sisi wachungaji tuisome hoja hiyo mara mbili. Mzee wa kanisa la Corsock hakuifuata. Alimwacha kila kijana achague swali lake na kulijaribu kwa mikono yake, hata kama yeye mwenyewe hakutazamia matokeo makubwa. Imani yake haikuogopa kwamba ukweli utapimwa.

Hata hivyo hakuwa mtu asiye na mipaka. Kwa muda mrefu hakutaka wanawake waingie maabarani, na alipokubali mwishoni, ilikuwa wakati wa likizo tu. Jambo hilo tusilifiche, maana mke wake mwenyewe alikuwa amefanya kazi hiyo pamoja naye.

Tena jengo lilipokwisha, kazi haikuwa imekwisha. Vyombo vilikuwa vichache. Ilipita miaka mitatu, hadi 1877, ndipo vyombo vilivyoahidiwa na Mtawala vikatimia. Maxwell alileta vyake pia, akatumia mamia ya pauni zake. Wanafunzi walikuwa wachache, naye hakulalamika.

Tarehe 5 Novemba 1879 alikufa kwa kansa ya tumbo, ugonjwa uliomwua mama yake, akiwa na miaka 48. Alizikwa Parton, karibu na Glenlair. Katika nyumba aliyoiacha, J. J. Thomson aligundua elektroni mwaka 1897, na James Chadwick nyutroni mwaka 1932. Maxwell hakuyaona hayo.

Ndugu zetu, katika shule nyingi za makanisa yetu mtoto huchora ubaoni mzunguko wa umeme ambao hajawahi kuuwasha. Hufaulu mtihani, lakini mikono yake haijajifunza kitu. Baadhi ya vijana wetu pia wameambiwa kwamba anayechunguza sana atapoteza imani. Maisha ya mzee huyu yanawajibu.

Basi, kamati ya shule itakapoketi tena na hesabu ya mabati na saruji ikaisha, mmoja wetu aulize habari za kabati la vyombo: mizani, sumaku, kipimajoto, betri na waya. Tusingoje mfadhili wa pauni elfu nane. Tuanze na kimoja mwaka huu, na mwingine atakayekuja aongeze cha pili. Bwana atusaidie.