Lumumba na wale waliomuigiza

Hapa Bukavu, ukitaka watu wachelewe kulala, leta tu mambo ya James Bond. Mumoja atasema Bond wa kweli ni Sean Connery, mwingine atatetea Roger Moore kwa sababu ya ucheshi wake, vijana wao wanamujua Daniel Craig. Kila mutu iko na wake. Sisi tunawaachia ile vita, lakini tunauliza: mbona hatubishani hivyo juu ya mutu wetu, ambaye wapelelezi wa kweli walitaka kumuua? Patrice Emery Lumumba naye ameigizwa na watu mbalimbali. Avenue kubwa ya muji wetu inabeba jina lake, tunaipita kila siku, na sura yake tumeachia watu wa mbali waichore.

Tuanze na mwenyewe. Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 kule Onalua, Katako-Kombe, katika Sankuru, mutoto wa Batetela. Ujana wake alitafuta kazi upande wa Kindu, halafu akafika Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, akawa karani wa posta. Alisoma sana, aliandika katika magazeti, aliongoza mashirika ya évolués. Kitetela, Kifaransa, Kiswahili, Lingala, zote alizisema. Mwaka 1956 alikamatwa kwa sababu ya pesa za posta, akafungwa. Alipotoka, akashuka Léopoldville kuuza bia ya Polar. Wengine wanaruka hii sehemu kama ni aibu. Sisi tunaona ni pale njo alijifunza kazi yake: kuingia katika bar, kuongea na mutu asiyemujua, kumufanya akubali. Oktoba 1958 chama cha MNC kikazaliwa, na Desemba akawa Accra, kwa Nkrumah.

Filme ya kwanza ya kumuweka mbele ilitoka 1968, miaka saba tu kisha kifo chake. Muitaliano Valerio Zurlini alitengeneza Seduto alla sua destra, akabadilisha jina: shujaa anaitwa Maurice Lalubi. Aliyemucheza ni Woody Strode, Mumarekani, mwanamichezo wa zamani, yule yule aliyepigana katika Spartacus. Lumumba alikuwa mwembamba, na miwani na ndevu kidogo ya kidevuni. Strode ni kifua na mabega. Zurlini alitaka Yesu: mutu anateswa, pembeni yake iko mwizi. Kule Marekani walifikia kuiita Black Jesus. Strode anavumilia vizuri sana, hatukatai. Lakini Lalubi wake hana haraka, na Lumumba bila haraka si Lumumba. Tarehe 30 Juni 1960 hotuba yake haikuwa kwenye programu; alisimama mbele ya mufalme Baudouin akataja kazi za nguvu, matusi na fimbo tulizopigwa. Siku tano kisha, askari wakaasi. Tarehe 11 Julai Tshombe akakata Katanga. Hayo yote, wiki mbili hazijaisha!

Ile haraka tunaipata kwa Eriq Ebouaney, katika Lumumba ya Raoul Peck, mwaka 2000. Peck ni mutu wa Haiti, lakini sehemu ya utoto wake ilipita Léopoldville, kwani baba yake alikuja kufanya kazi kule. Vita ilikuwa kwetu, basi filme ilipigwa Zimbabwe na Msumbiji. Ebouaney, aliyezaliwa Ufaransa na wazazi wa Kameruni, ni mutu wa kusimama kabla kiti hakijapata joto. Kinachotuuma zaidi katika filme si damu, ni urafiki na Mobutu, anayechezwa na Alex Descas kwa ukimya wa kutisha: Lumumba anamupandisha cheo mutu atakayemuangusha. Kwetu, Ebouaney ndiye wa kwanza. Kasoro yake ni kwamba anacheka kidogo mno kwa mutu aliyeuza bia.

Na wapelelezi? Septemba 1960 mukubwa wa CIA Léopoldville, Larry Devlin, alipokea mugeni kutoka Amerika, Sidney Gottlieb, aliyekuja na sumu ya kumuua Lumumba. Haikutumika, Devlin alieleza baadaye kwamba aliitupa katika mto Kongo. Kwa Bond kazi kama hiyo inaisha kwa saa mbili na muziki. Kwetu ilimalizwa na askari, karatasi za maofisa na ndege moja. Hata hivyo majina bado yanaunguza: filme ya Peck ilipoonyeshwa kwenye televizyo HBO kule Marekani, jina la Frank Carlucci, aliyekuwa katika ambasade yao, lilifunikwa lisisikike.

Mwaka 2013 tamthilia ya Aimé Césaire, Une saison au Congo, ilichezwa mara mbili Ulaya: London na Chiwetel Ejiofor, Villeurbanne na Marc Zinga. Huyu Zinga alizaliwa Likasi. Likasi ndiyo Jadotville ya zamani, ambako Lumumba alifungwa Januari 1960 mpaka walipomutoa aende kwenye Table ronde ya Bruxelles. Na wapenzi wa Bond wafurahi: miaka miwili kisha, Zinga alionekana katika Spectre, upande wa maadui.

Lakini hakuna hata mumoja kati ya hawa aliyepita Bukavu, na Bukavu iko ndani ya hii kifo. Lumumba alikamatwa mwanzo wa Desemba 1960 akitoroka kwenda Stanleyville, akafungwa Thysville. Siku ya Noeli, askari wa Stanleyville waliingia hapa, wakamukamata mukubwa wa provinsi Jean Miruho, na Anicet Kashamura, mutoto wa Kivu aliyekuwa waziri wa Lumumba, akashika uongozi. Mwanzo wa Januari askari wa Mobutu walipitia Ruanda-Urundi, iliyokuwa mikononi mwa Wabelgiji, ili waukamate muji, wakashindwa. Katikati ya Januari askari wa Thysville nao wakaasi. Wale waliomushika wakaogopa atatoka. Tarehe 17 Januari 1961 wakamupakia katika ndege na Mpolo na Okito, kwenda Élisabethville. Usiku ule ule wakapigwa risasi. Lumumba alikuwa na miaka 35.

Juni 2022 Ubelgiji ilirudisha jino lake, ndilo lililobaki. Likazungushwa Sankuru, Kisangani na Haut-Katanga mbele ya kuzikwa Kinshasa. Bukavu halikufika.