Vivekananda na Somo Ambalo Shule Zetu Hazifundishi

Kila mwaka mitihani inapokaribia, mlango wa ofisi yangu hubishwa na wanafunzi wenye lalamiko lile lile. Husema wamekesha wakisoma, wamejaza madaftari, lakini wakifunga kitabu hawakumbuki kitu. Kwa muda mrefu niliwapa jawabu ambalo nami nilipewa nilipokuwa mwanafunzi: nendeni mkasome tena. Leo naona haya kulikumbuka jawabu hilo, maana mtu anayechota maji kwa pakacha hasaidiwi kwa kuamriwa arudi kisimani.

Aliyenibadilisha mawazo ni mtu aliyefariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita, naye ni Swami Vivekananda wa India. Nilimfikia kupitia taaluma yangu. Mapema au baadaye, kila mwanaisimu hukutana na wanasarufi wa kale wa Kisanskriti, Panini na Patanjali. Patanjali ndiye aliyeandika ufafanuzi mkubwa wa sarufi ya Panini, yapata karne ya pili kabla ya kuzaliwa Kristo. Mapokeo ya Kihindi humtaja pia kuwa mtunzi wa Yoga Sutra, kitabu cha vifungu vifupi visivyotimia 200 kuhusu nidhamu ya yoga. Wataalamu wengi wa leo huamini kwamba hao walikuwa watu wawili wenye jina moja. Hata hivyo mapokeo hayo yalinivutia, kwa kuwa yalimsifu mtu mmoja kwa kuitakasa lugha kwa sarufi, akili kwa yoga na mwili kwa tiba. Nilipotafuta aliyekifafanua kitabu hicho kwa namna ya kueleweka na mtu wa siku zetu, ndipo nilipompata Vivekananda.

Alizaliwa mjini Calcutta tarehe 12 Januari 1863, akaitwa Narendranath Datta. Babake alikuwa wakili katika Mahakama Kuu ya mji huo. Narendra hakuwa kijana wa kujikunyata pembeni na vitabu. Alicheza mieleka, aliogelea, alipiga makasia na aliimba kwa sauti iliyosifiwa. Katika chuo cha wamishenari wa Kiskoti alisoma falsafa ya Ulaya, akawa mtu asiyekubali neno bila ushahidi. Inasimuliwa kwamba mkuu wa chuo hicho, William Hastie, alipokuwa akifafanua shairi la Wordsworth, aliwaambia wanafunzi kuwa atakaye kujua hali ya kuzama kabisa katika tafakuri aende Dakshineswar akamwone mtawa mmoja aliyeitwa Ramakrishna. Walimu wenzangu, litafakarini jambo hilo. Mwalimu Mkristo hakuona haya kumwelekeza mwanafunzi wake kwa kuhani wa Kihindu, maadamu huko ndiko lilikokuwa jawabu.

Narendra alikutana na Ramakrishna mwaka 1881. Mtawa huyo hakuwa na elimu ya shule ya kutajika, naye kijana alimwendea kwa maswali na shaka tele. Kisha dunia ikamgeuka. Februari 1884 babake alifariki ghafla, akaacha madeni. Jamaa waligombania nyumba, na mwana wa wakili akawa anazunguka mjini akitafuta kazi huku tumbo li tupu. Alipata kufundisha shuleni kwa muda mfupi. Agosti 1886 Ramakrishna naye akafa kwa saratani ya koo, na Narendra, akiwa na umri wa miaka 23, akawa kiongozi wa vijana wachache walioamua kuwa watawa katika nyumba mbovu huko Baranagar. Baadaye alishika njia peke yake, akaizunguka India miaka kadhaa kwa miguu na kwa gari la moshi, akilala leo katika jumba la mfalme na kesho katika kibanda cha fukara. Mwishoni mwa mwaka 1892 alifika Kanyakumari, ncha ya kusini ya nchi hiyo. Kutokana na yale aliyoyaona njiani, aliamini kuwa kumhubiria dini mwenye njaa ni kumdhihaki.

Tarehe 31 Mei 1893 alipanda meli Bombay kuelekea Marekani, kwa jina la Vivekananda, yaani furaha ya upambanuzi. Alikwenda kuhudhuria Mkutano wa Dini za Dunia mjini Chicago. Alifika mwishoni mwa Julai, akaambiwa kwamba mkutano ungefunguliwa Septemba na kwamba asiye na barua ya utambulisho hangepokewa. Fedha zake zilikuwa zikiyoyoma. Alikwenda upande wa Boston kulikokuwa na gharama nafuu, na huko profesa wa Kigiriki wa Chuo Kikuu cha Harvard, John Henry Wright, akamwandikia barua aliyoihitaji. Tarehe 11 Septemba 1893 alisimama mbele ya maelfu ya watu, na hotuba yake fupi ikamfanya ajulikane kote nchini.

Lakini linalonigusa zaidi si hotuba ile, bali kazi aliyoifanya umati ulipokwisha kutawanyika. Katika majira ya baridi ya mwaka 1895 na 1896 alifundisha mjini New York madarasa ya yoga. Mwingereza aliyeitwa Josiah Goodwin, bingwa wa hati mkato, aliyanakili masomo yake, na mwaka 1896 kikatoka kitabu Raja Yoga, ambamo Vivekananda alizifasiri na kuzifafanua sutra za Patanjali. Kitabu hicho kilisomwa na Tolstoy kule Urusi, na mwanasaikolojia William James wa Harvard alikitumia katika kazi yake ya mwaka 1902 kuhusu maisha ya kidini.

Watu wengi wakisikia neno yoga huwazia mtu aliyejikunja kama kamba. Vivekananda hakuanzia hapo. Neno lenyewe latokana na mzizi wa Kisanskriti wenye maana ya kuunganisha au kufunga nira, na ni ndugu wa neno la Kiingereza la nira hiyo hiyo. Kinachofungwa nira hapa ni akili, inayozoea kurandaranda kama ng'ombe asiye na mchungaji. Patanjali aliweka hatua nane: kujizuia na maovu, nidhamu ya nafsi, mkao, udhibiti wa pumzi, kuzirudisha hisi ndani, kukaza fikira mahali pamoja, tafakuri, na hatimaye kuzama kabisa. Mkao ni hatua ya tatu tu. Vivekananda aliueleza kwa maneno mepesi: kifua, shingo na kichwa viwe wima katika mstari mmoja, na mtu akae kwa namna anayoweza kuistahimili bila taabu. Mazoezi magumu ya viungo aliyaona kuwa yana faida kwa mwili, lakini si lengo.

Isitoshe, aliweka masharti ambayo kila mwalimu wa michezo angeyakubali. Mtu asile kupita kiasi wala asijinyime, wala asifanye mazoezi hayo akiwa mgonjwa au akiwa na majonzi makubwa. Tena alikataa kabisa yoga ifanywe fumbo la siri. Lolote linalomdhoofisha mtu kwa jina la siri, alilihesabu kuwa la kutupwa. Nalisema hili kwa ajili ya wale wanaodhani yoga ni uchawi, na kwa ajili ya wale wanaoiuza kama dawa ya kila ugonjwa. Pande zote mbili humfanya mtu aache kutumia akili yake.

Hapa ndipo napofikia kiini cha makala haya. Vivekananda aliamini kwamba elimu haianzi kwa kurundika habari. Alisema waziwazi kwamba lau angepewa nafasi ya kusoma upya, angeanza kwa kuikuza nguvu ya kukaza fikira, na chombo hicho kikisha kunolewa ndipo angekusanya habari kadiri apendavyo. Sisi walimu twafanya kinyume. Twamdai mtoto awe makini, twamkaripia asipokuwa makini, lakini ni nani kati yetu aliyewahi kumfundisha jinsi ya kuwa makini? Twaichukulia stadi hiyo kana kwamba mtoto huzaliwa nayo, nasi twaona simu ya mkononi ikimpokonya ile chembe aliyokuwa nayo.

Aliporudi India mwaka 1897 hakujifungia pangoni kutafakari. Tarehe 1 Mei mwaka huo aliianzisha Ramakrishna Mission, ambayo imejenga shule na hospitali. Mwalimu wa Kiairishi aliyemfuata, Margaret Noble, aliyepewa jina la Nivedita, alifungua shule ya wasichana mjini Calcutta mwaka 1898, na tauni ilipoushambulia mji huo yeye na watawa waliingia mitaani kufagia uchafu na kuwauguza watu. Kwa hiyo, utulivu wa akili kwake haukuwa njia ya kuikimbia dunia. Ulikuwa maandalizi ya kuitumikia.

Sharti niseme na upande wa pili, maana makala ya kusifu tu hayamfai mwanafunzi. Vivekananda aliugua pumu na kisukari, naye hakupumzika. Alisafiri, alihutubu, aliandika barua usiku, akaenda ng'ambo mara ya pili mwaka 1899 akiwa tayari ni mgonjwa. Alifariki tarehe 4 Julai 1902 katika makao ya watawa ya Belur, akiwa na umri wa miaka 39. Asubuhi ya siku hiyo alitafakari kwa muda wa saa tatu hivi, na mchana akawafundisha wanafunzi sarufi ya Kisanskriti. Mimi mwalimu wa isimu siwezi kuisoma habari hiyo bila kuguswa. Lakini wahenga walinena kuwa mganga hajigangi. Yoga haikuiondoa sukari katika damu yake, wala nidhamu ya akili haikuwa badala ya usingizi. Mwalimu anayesahihisha insha hadi alfajiri, na mwanafunzi anayekesha wiki nzima akijivunia kukesha huko, na wajifunze kutokana na kifo hicho kama wanavyojifunza kutokana na maisha yenyewe.

Siku hizi wanafunzi wakinijia na lalamiko lao, siwatumi tena kisimani na pakacha. Nawaambia wakae wima, waweke kitabu pembeni, wafuatilie pumzi zao kwa dakika tano, na fikira ikitoroka wairudishe bila kujilaumu. Kisha wasome jambo moja kwa nusu saa, na usiku walale. Mwenye wasiwasi unaomkosesha raha kwa majuma namwelekeza kwa mshauri au daktari. Kwa anayehofia kuwa huko ni kuiacha dini yake, namjibu kwa ukweli kwamba yoga imekulia katika fikra za Kihindu, na hapana haja ya kulificha hilo. Lakini pumzi na uti wa mgongo havina dhehebu, na asiyetaka halazimishwi.

Baadhi yao hurudi kunieleza kwamba dakika tano za kwanza ziliwashinda. Hawakujua kamwe jinsi akili zao zinavyorukaruka. Mimi huwaambia kuwa hapo wamekwisha kuanza, kwa maana mtu hawezi kuchunga ng'ombe ambaye hajui kuwa ametoroka. Walimu wenzangu, tunazo dakika arubaini katika kila kipindi. Je, tukizitoa tano kuinoa akili kabla ya kuijaza, tutakuwa tumepoteza nini?