Padre Martino Martini na Ramani za Majimbo ya China

Sisi wa Nyakakika tukienda Kayanga kwa shughuli za wilaya, ni nadra kumfikiria aliyechora mipaka. Padre Martino Martini, Mjesuiti aliyezaliwa Trento mwaka 1614, alikuta huko China ramani za Luo Hongxian, zilizochongwa juu ya mbao na kuchapwa karne moja hivi kabla yake, zikionesha miji ya utawala ya kila jimbo, yaani jimbo la serikali, si la Kanisa. Hakuzidharau. Alipotumwa Roma kuwatetea waamini Wachina walioendelea kuwaheshimu wazee wao marehemu, alizifanya msingi wa atlasi yake, iliyochapwa Amsterdam mwaka 1655, yenye majimbo yote 15. Kisha akarudi Hangzhou, akafariki huko mwaka 1661.