Millard Fuller: Tajiri aliyejifunza kujenga nyumba za maskini kando ya Mto Kongo

Habitat for Humanity ni shirika la hisani linalowakusanya watu wa kujitolea ili wajenge nyumba kwa ajili ya familia zisizo na makazi bora. Wengi hulijua kama shirika la Kimarekani, na ni kweli kwamba lilisajiliwa Marekani na mwanzilishi wake alikuwa Mmarekani. Jambo ambalo halisemwi mara nyingi ni kwamba mwanzilishi huyo, Millard Fuller, alilipima wazo lake kwa miaka mitatu nchini Zaire, katika mji wa Mbandaka, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Shirika lilizaliwa baada ya hapo.

Fuller alizaliwa tarehe 3 Januari 1935 huko Lanett, mji mdogo katika jimbo la Alabama. Mama yake alifariki angali mtoto wa miaka mitatu. Baba yake alikuwa muuza duka, na ndiye aliyempa mwanawe nguruwe wa kumnenepesha na kumuuza, ili ajifunze hesabu ya faida na hasara. Somo hilo lilimwingia mno. Alipokuwa akisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Alabama, yeye na mwenzake Morris Dees waliwauzia wazazi huduma ya kuwapelekea wanafunzi keki za siku ya kuzaliwa, kisha wakaingia katika uchapishaji wa vitabu vya mapishi na uuzaji wa bidhaa kwa njia ya posta. Mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 29, Fuller alikuwa milionea.

Utajiri huo uligharimu nyumba yake mwenyewe. Fuller alishinda ofisini mchana na sehemu kubwa ya usiku. Mkewe, Linda, ambaye walioana mwaka 1959, alibaki na watoto katika jumba lililojaa kila kitu isipokuwa mume. Mwezi Novemba 1965 Linda aliondoka kwenda New York, bila uhakika kama angerudi. Fuller alimfuata. Baada ya siku za machozi na mazungumzo, walikata shauri ambalo jamaa na marafiki waliliona kuwa ni wazimu: kuuza hisa za biashara, nyumba, mashua na mali nyingine, kuyagawa mapato, na kuanza upya.

Walakini kutoa mali ni jambo moja, na kujua la kufanya kesho yake ni jingine. Wakiwa safarini na watoto wao walipita katika shamba la Koinonia, karibu na mji wa Americus, jimboni Georgia, kumsalimu rafiki. Walikusudia kukaa kwa muda wa chakula cha mchana tu. Wakakaa mwezi mzima.

Shamba la Koinonia

Koinonia ni neno la Kigiriki lenye maana ya ushirika. Shamba hilo lilianzishwa mwaka 1942 na Clarence Jordan, msomi wa Agano Jipya aliyekuwa pia na shahada ya kilimo, pamoja na wenzake wachache. Weusi na weupe walifanya kazi pamoja na kula meza moja, na katika Georgia ya wakati ule hilo lilitosha kuwafanya maadui wa jirani zao. Tangu mwaka 1956 wafanyabiashara wa eneo hilo walikataa kuwauzia mbegu, mbolea na mafuta, na kununua mazao yao. Usiku risasi zilipigwa kuelekea kwenye nyumba zao, na kibanda chao cha kuuzia bidhaa barabarani kililipuliwa kwa baruti. Shamba lilisalimika kwa kuuza njugu kwa njia ya posta kwa wateja wa mbali.

Fuller alirudi Koinonia mwaka 1968. Yeye na Jordan waliwatazama jirani zao, familia za wakulima weusi waliokuwa wakiishi katika vibanda vya mbao vilivyovuja, bila choo cha ndani, na ambao benki hazikuwa tayari kuwakopesha. Mpango walioubuni ulikuwa mwepesi kuueleza. Mfuko maalumu ungekusanya michango na mikopo isiyo na riba. Fedha hizo zingejenga nyumba ya kawaida, imara, isiyo ya kifahari. Familia ingeilipia kwa gharama halisi ya ujenzi, kidogo kidogo kwa muda wa miaka 20, bila faida kwa mjenzi wala riba kwa mkopeshaji, na kila malipo ya mwezi yangerudi mfukoni kujenga nyumba ya familia inayofuata. Wenye nyumba wangeshika koleo na nyundo pamoja na watu wa kujitolea.

Jordan hakuiona nyumba ya kwanza ikikamilika. Alifariki ghafla mwezi Oktoba 1969, akiwa na umri wa miaka 57, huku ujenzi ukiendelea.

Mpaka wa wakoloni wageuka mtaa

Mwaka 1973 Fuller, Linda na watoto wao wanne walihamia Mbandaka, wakiwa wametumwa na kanisa la Wanafunzi wa Kristo, lenye historia ndefu katika mkoa wa Equateur. Mji huo, ambao Wabelgiji waliuita Coquilhatville, unategemea mto. Kila mfuko wa saruji, kila bati na kila msumari ulipaswa kupanda kwa meli kutoka Kinshasa, na meli hazikuwa na ahadi. Mwaka huohuo serikali ya Mobutu ilitangaza kutwaa biashara za wageni, na maduka mengi ya Zaire yalianza kubaki na rafu tupu. Mtu aliyezoea kuendesha kampuni kwa simu na barua alijikuta akisubiri saruji kwa majuma.

Fuller alikabidhiwa mradi wa kanisa wa kufyatua matofali ya saruji, uliokuwa ukisuasua. Kuufufua ilikuwa kazi ya mfanyabiashara, na hapo ujuzi wake wa zamani ulimfaa: kupanga hesabu, kutafuta soko, kuwaandikia barua wafadhili wa Marekani na kuwaandikia tena. Kutoka kwenye matofali ilikuwa hatua fupi kufikia nyumba. Wakazi wengi wa mji waliishi katika nyumba za udongo zilizobomolewa na mvua nzito za ikweta, na mfanyakazi wa mshahara mdogo hakuwa na mahali pa kukopa.

Ardhi iliyotumika ilikuwa na historia yake. Zama za ukoloni, ukanda mtupu uliachwa katikati ya makazi ya Wazungu na makazi ya Waafrika, ili watu wasikaribiane. Ukanda huo uliitwa Bokotola, jina ambalo, kwa maelezo ya wenyeji aliyoyaandika Fuller, lina maana ya mtu asiyewajali wenzake. Hapo ndipo nyumba za mradi zilipojengwa, safu kwa safu, juu ya mpaka wenyewe. Baadaye mtaa ulibadilishwa jina ukaitwa Losanganya, neno lenye maana ya mpatanishi, au mahali pa watu kukutana pamoja. Fuller aliandika kitabu kuhusu miaka hiyo na kukiita kwa jina la zamani, Bokotola. Kilitoka mwaka 1977. Kazi ilienea pia hadi kijiji cha Ntondo, kando ya Ziwa Tumba, kusini mwa Mbandaka.

Zaire ilimfundisha pia pale ambapo wazo lake lilikuwa dhaifu. Mkopo usio na riba unakaa vizuri pale fedha inapotulia. Fedha ya Zaire haikutulia. Bei zilipopanda, malipo ya mwezi yaliyoandikwa kwa kiasi kilekile hayakuweza tena kununua saruji ileile, na nyumba ya pili ilianza kuwa ghali kuliko ya kwanza iliyopaswa kuizaa. Tangu hapo miradi ya namna hiyo katika Afrika ilibidi iishi kwa michango kutoka nje zaidi ya ilivyopangwa kwenye karatasi.

Msikilizaji wa Rwanda atakuwa na maswali yake kuhusu utaratibu huu. Mkazi wa Masoro, katika sekta ya Ndera mjini Kigali, anayetoka na jembe Jumamosi ya mwisho wa mwezi kwa ajili ya umuganda, anajua nguvu ya watu wengi kwenye kiwanja kimoja, na anajua kwamba jirani asiye na uwezo anapojengewa nyumba hapelekewi hati ya deni. Kwa nini basi maskini wa Mbandaka alipishwe? Jibu la Fuller lilitoka katika biashara na katika Biblia kwa pamoja. Aliamini kwamba anayelipa anakuwa mwenye nyumba kamili, si mtu wa kuhurumiwa, na kwamba malipo yake yanamfanya yeye mwenyewe awe mfadhili wa familia inayofuata. Riba aliikataa kwa kutegemea sheria ya kitabu cha Kutoka inayokataza kumtoza maskini riba. Muislamu wa Biryogo hahitaji kufafanuliwa hilo. Katazo hilo analijua kutoka katika Qurani. Hata hivyo hoja ya Fuller ina ukingo wake. Familia isiyo na kipato chochote haiwezi kulipa hata mkopo usio na riba, na mpango wake, kwa jinsi ulivyoundwa, uliwafikia maskini wenye kazi kabla ya maskini wasio na kitu. Umuganda, kwa upande huo, humfikia mjane asiye na senti.

Kutoka Americus hadi Afrika Mashariki

Familia ya Fuller ilirejea Georgia mwaka 1976, na mwezi Septemba mwaka huo kikundi kidogo cha marafiki kilikutana Koinonia na kuunda shirika jipya, Habitat for Humanity. Ofisi zake za mwanzo Americus zilikuwa za kawaida sana. Fuller alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya mhubiri, na hakuona haya kuomba. Mwaka 1983 alitembea kwa miguu na wenzake kutoka Americus hadi Indianapolis, umbali wa maili 700, kuchangisha fedha.

Jirani yake mmoja alikuwa Jimmy Carter, Rais mstaafu wa Marekani, aliyeishi Plains, mwendo mfupi kutoka Americus. Fuller alimwendea na orodha ya maombi. Mwezi Septemba 1984 Carter na mkewe, Rosalynn, walipanda basi na watu wengine wa kujitolea hadi New York, wakafanya kazi ya useremala kwa wiki moja kwenye jengo chakavu la ghorofa sita lililokuwa likikarabatiwa kwa ajili ya familia 19. Picha za Rais wa zamani akigongomea misumari zilizunguka dunia nzima. Kuanzia hapo watu wengi walidhani Carter ndiye mwanzilishi, na Fuller, kwa kuwa dhana hiyo ilileta michango, hakujisumbua sana kuisahihisha.

Kenya na Uganda zilipata miradi mwaka 1982, Tanzania mwaka 1986. Katika vijiji vingi watu wa kujitolea kutoka nje walifika kwa wiki mbili, wakabeba maji na matofali chini ya maelekezo ya fundi wa kijijini, aliyewazidi kwa kila kitu kinachohusu ukuta ulionyooka. Fuller alipenda mpangilio huo. Alikuwa Mkristo asiyeficha imani yake, lakini alishikilia kwamba watu wanaotofautiana katika dini na siasa wanaweza kukubaliana juu ya nyundo, na kwamba dini ya anayejengewa haiulizwi.

Mwaka 1996 Rais Bill Clinton alimtunukia Nishani ya Rais ya Uhuru, heshima ya juu kabisa kwa raia wa Marekani. Mwaka 2005 shirika lilitimiza nyumba ya 200,000. Mwaka huohuo, mwezi Januari, bodi ilikuwa imekwisha mfukuza Fuller pamoja na Linda. Mfanyakazi mmoja wa zamani alikuwa amemtuhumu kwa mwenendo usiofaa. Fuller alikanusha, na uchunguzi wa bodi haukupata ushahidi wa kutosha. Bodi ilisema ilimwachisha kwa sababu ya matamshi na mienendo yake iliyofuata. Chini ya ugomvi huo kulikuwa na mvutano mwingine kuhusu mwelekeo wa shirika: bodi ilitaka chombo kikubwa chenye uongozi wa kitaalamu, na Fuller alitaka harakati.

Alikuwa na umri wa miaka 70. Alirudi Koinonia, na katika shamba lilelile akaanzisha shirika jingine la kujenga nyumba, Fuller Center for Housing, kwa kanuni zilezile: bila faida, bila riba.

Millard Fuller alifariki tarehe 3 Februari 2009, alipokuwa akipelekwa hospitali, akiwa na umri wa miaka 74. Kesho yake alizikwa Koinonia katika sanduku la mbao tupu, katika kaburi lisilo na alama, si mbali na alipolazwa Clarence Jordan miaka 40 kabla yake.