Wasiwasi Haukuwazuia Kuoana

Wazee wetu wa pwani walikuwa na kitambaa walichokiita merikani, pamba ngumu isiyotiwa rangi. Mimi mwenyewe nilikikuta nyumbani kwa bibi yangu, nisijue asili ya jina lake. Kumbe kililetwa Unguja na meli za Marekani, na nyingi katika meli hizo zilitoka mji mdogo wa bandari uitwao Salem, katika jimbo la Massachusetts. Zilileta nguo, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Hata balozi mdogo wa kwanza wa Marekani kuketi Unguja, Richard Waters, aliyefika mwaka 1837, alikuwa mtu wa Salem.

Lakini leo, mpenzi msomaji, sina haja na biashara. Nataka kukusimulia habari za mwana wa mji huo, Nathaniel Hawthorne, ambaye Wamarekani humhesabu miongoni mwa waandishi wao wakubwa, pamoja na mkewe Sophia. Ninayo sababu. Katika mitaa yetu nimewaona vijana, waume kwa wake, wenye moyo wa hofu. Mgeni akipiga hodi hukimbilia chumbani; wakialikwa arusini huumwa na kichwa. Watu husema huyu hafai kuoa, na yule hatapata mume. Kila nisikiapo maneno hayo huwakumbuka watu hawa wawili.

Nathaniel alizaliwa tarehe 4 Julai, 1804. Babake alikuwa nahodha, naye alifariki kwa homa ya manjano huko Surinam mwaka 1808, mtoto hajatimiza miaka minne. Mama alirudi kwa wazazi wake na watoto watatu, akawa mtu wa kujitenga. Alipokuwa na miaka tisa, Nathaniel aliumia mguu akicheza mpira, akakaa ndani muda mrefu. Alipomaliza chuo mwaka 1825 alirejea kwa mamake, na kwa muda wa miaka kiasi cha 12 makazi yake yakawa chumba cha ghorofani, akiandika peke yake. Kitabu chake cha kwanza alikitoa mwaka 1828 bila ya kutia jina, kisha akajaribu kuziteketeza nakala zake. Tena ilimsumbua aibu ya ukoo, kwani mmoja wa mababu zake alikuwa hakimu katika kesi za uchawi za mwaka 1692, ambapo watu 19 wasio na hatia walinyongwa.

Katika mji huo huo alikuwako Sophia Peabody, aliyezaliwa mwaka 1809, binti wa daktari wa meno. Alipokuwa mchanga alipewa dawa ya zebaki, kama walivyofanya waganga wa zama zile, na jamaa zake waliamini kuwa hiyo ndiyo iliyomletea maumivu ya kichwa maisha yake yote. Hata mlio wa visu na vijiko mezani ulimtesa. Alikuwa mchoraji hodari, lakini siku nyingi alizipitisha chumbani, na kwao walikwisha kata tamaa ya kumwoza.

Mwaka 1837 Nathaniel alitoa kitabu chenye jina lake. Dada mkubwa wa Sophia, mwanamke msomi, alimwalika nyumbani. Sophia alikuwa juu, akakataa kushuka. Mgeni aliporudi siku nyingine, alishuka. Nathaniel, mtu wa kuogopa macho ya watu, hakuweza kumwondolea macho.

Wakakubaliana kuoana, lakini wakaficha. Nathaniel alikwenda kufanya kazi katika forodha ya Boston mwaka 1839, wakawa wanaandikiana barua. Miaka ilipita naye hajamwambia mamake, kwani alichelea habari hiyo itamvunja moyo. Alisema zikiwa zimebaki wiki chache tu kabla ya ndoa. Je, mama alianguka? La! Alikwisha ng'amua zamani. Mzigo alioubeba kijana miaka yote ile ulikuwa wa bure. Ndivyo ulivyo wasiwasi: huhukumu kabla ya shauri kusikizwa.

Walioana tarehe 9 Julai, 1842, mume ana miaka 38 na mke 32, wakahamia Concord. Sitakudanganya kwamba hofu iliwatoka. Nathaniel aliendelea kuwakwepa wageni, na Sophia kuumwa na kichwa. Tena baada ya ndoa Sophia alichora kidogo sana, nami naiona hiyo kuwa hasara kubwa. Lakini hapana aliyemcheka mwenzake. Mume alipotaka kimya, mke alikijua kimya. Mke alipolala gizani, mume alikuwa amekwisha kaa gizani kabla yake.

Jaribu kubwa lilikuja mwaka 1849. Nathaniel, ambaye sasa alikuwa afisa wa forodha ya Salem, aliachishwa kazi kwa mambo ya siasa. Sophia hakulia. Alitoa fedha alizokuwa akidunduliza katika matumizi ya nyumba, ili mumewe apate kuandika. Mwezi wa Julai mama wa Nathaniel akafariki. Katika dhiki hiyo aliandika The Scarlet Letter, kilichotoka mwaka 1850 na kumpa sifa mpaka leo. Usiku alipomsomea mkewe mwisho wake, Sophia alikwenda kulala na kichwa kinamwuma vibaya. Mume akafurahi, akijua kitabu kimefika moyoni.

Nathaniel alifariki mwaka 1864, akazikwa Concord. Sophia alifariki London mwaka 1871, akazikwa huko, mbali na mumewe. Mwaka 2006 mabaki yake yalihamishwa, akazikwa upande wa mumewe, miaka 142 baada ya kutengana.

Basi wewe mzazi mwenye kijana wa namna hii, usimwite mwenye shetani, wala usingoje mpaka hofu imwishe ndipo umtafutie mwenzi. Huenda yuko mtaa wa pili aliyejificha kama yeye. Na wewe mwenye hofu, mwambie mamako mapema, yumkini anajua. Ukipenda boga, penda na ua lake.