MAISHA YA JAMES LEGGE, MUMISIONERE WA UCHINA



Katika numero hii tunawaletea maisha ya mutu ambaye kila musomaji wa vitabu vya Uchina anajua jina lake, lakini kwetu hapa linasikilika mara chache. Ni James Legge. Sisi tunaosoma filozofia tunashika kwa kichwa majina ya Socrates, Plato, Descartes na Kant, na kwa urahisi mutu anaanza kuwaza kwamba nje ya Ulaya hakuna aliyejiuliza haki ni nini, na namna gani mutu aishi na mwenzake. Legge alikuwa muzungu, tena muhubiri wa Injili, na ni yeye aliyetumia miaka zaidi ya makumi matano kwa kuwaonyesha wazungu wenzake kwamba haiko vile.

Alizaliwa tarehe 20 Desemba 1815 katika muji mudogo wa Huntly, kule Scotland. Akasoma universite ya Aberdeen, akamaliza mwaka wa 1835, na Kilatini chake kilikuwa kizuri kupita cha wenzake. Ndipo akaonyeshwa kwamba kazi ya kufundisha Kilatini palepale ingeweza kuwa yake, kama akikubali kuingia kanisa la serikali. Jamaa yake walikuwa watu wa kanisa lingine, lenye kujitawala lenyewe. Akakataa. Diplome iko mukononi, kazi iko mbele ya macho, naye anakataa kwa sababu ya kanisa! Tufikiri kidogo, wangapi kati yetu wangefanya vile? Akaenda kufundisha katika shule moja ya Uingereza, kisha akajitoa kwa London Missionary Society.

Mwaka wa 1839 akapanda meli pamoja na muke wake Mary, na katika Januari 1840 wakafika Malacca, mahali misioni ilikuwa na shule kwa ajili ya Wachina. Kisha ikaja vita ya afyuni, Waingereza wakatwaa Hong Kong, na mwaka wa 1843 Legge akahamisha shule ile huko. Tusifiche neno hili: mulango ambao wahubiri walipitia ulifunguliwa na mizinga, na sababu ya ile mizinga ilikuwa afyuni. Legge mwenyewe alichukia biashara ile na kuisema vibaya hata katika uzee wake.

Huko Hong Kong aliona jambo moja ambalo halikumupa usingizi. Kila Muchina mwenye masomo alikuwa na vitabu vya Confucius kichwani tangu utoto, maana bila kuvijua hakuna aliyeweza kushinda mitihani ya serikali na kupata kazi kubwa. Confucius aliishi tangu 551 hata 479 mbele ya Kristo. Alifundisha ren, maana yake ni kama kusema kuwa mutu kweli kwa watu wengine. Tena alifundisha heshima kati ya baba na mutoto, mutawala na watu wake, bwana na bibi, mukubwa na mudogo, rafiki na rafiki. Legge akakata shauri: mwenye kutaka kuwahubiri watu hawa asome kwanza vitabu vyao, vyote, mupaka avijue kama wao.

Kazi ile ilikuwa ya kuvunja mugongo. Mchana alikuwa mwalimu na mchungaji. Basi aliamuka saa tisa ya usiku, wengine wakilala, akafanya kazi na taa. Kila mstari alitafuta walichoandika Wachina wenyewe juu yake katika miaka mingi. Tangu mwaka wa 1862 alisaidiwa sana na Wang Tao, Muchina wa elimu kubwa aliyekimbilia Hong Kong kwa kuogopa serikali yake. Feza ya kuchapisha ilitoka kwa jamaa ya Jardine, matajiri ambao utajiri wao ulijengwa kwa sehemu kubwa juu ya afyuni ile ile. Ndiyo hivi mambo ya dunia yanavyochanganyika.

Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka wa 1861, na cha pili, cha Mencius, kilifuata mwaka uleule. Hapa wenzetu wa filozofia wafungue masikio. Mencius alikuja baada ya Confucius, na alifundisha kwamba moyo wa mutu kwa asili unaelekea wema. Mfano wake: mutu yeyote akiona mutoto mudogo anataka kuanguka katika kisima, moyo wake unashituka palepale, mbele ya kuwaza kama atasifiwa ao atalipwa. Legge aliweka mafundisho haya kando ya mafundisho ya askofu Joseph Butler wa Uingereza, aliyechapisha mahubiri yake juu ya tabia ya mutu mwaka wa 1726. Akaonyesha kwamba wawili hawa wanasema karibu neno moja, kwamba ndani ya mutu kuko dhamiri yenye haki ya kutawala tamaa zingine, na kwamba Muchina alilisema miaka elfu mbili mbele. Kwa muhubiri wa siku zile, kuandika vile haikuwa kitu kidogo. Lakini alisema pia kwamba Mencius hakuona vizuri jinsi zambi imemushika mutu.

Kwa Confucius mwenyewe alikuwa mukali. Siku moja Confucius aliulizwa kama ni vizuri kulipa ubaya kwa wema. Alijibu kwamba ubaya ulipwe kwa haki, na wema kwa wema. Kama sivyo, mwenye kutenda wema atalipwa nini? Legge aliona kwamba jibu hili liko chini ya Injili. Katika kitabu cha 1861 akaandika kwamba hawezi kumuhesabu Confucius kuwa mutu mukubwa. (Sisi tunaona kwamba jibu la Confucius lastahili kufikiriwa zaidi, mulibishanie wenyewe katika kilasi.)

Mwaka uleule wa 1861 Che Kam-kong aliuawa. Mzee huyu alikuwa mulinzi wa hekalu la Confucius katika muji wa Poklo, akasoma Injili, akabatizwa, akahubiri kwa watu wake mupaka adui zake wakamukamata na kumuua. Legge alimupenda sana.

Mwaka wa 1873, mbele ya kurudi Ulaya, alitembelea Beijing. Kwenye mazabahu ya Hekalu la Mbingu alivua viatu, akaimba sifa za Mungu pamoja na wenzake. Maana aliamini kwamba Shangdi, yule ambaye wafalme wa Uchina walimutolea sadaka pale, ndiye Mungu mumoja wa kweli, aliyejulikana kwao tangu zamani. Wamisionere wengi walikasirika. Kwao jina lile lilikuwa la sanamu. Jambo hili linatugusa, maana wazee wetu nao walisema Nyamuzinda ao Nyamuhanga mbele ya Injili kufika.

Mwaka wa 1876 akawa profesa wa kwanza wa Kichina katika universite ya Oxford. Mwaka uliofuata alituma maandiko yake kwa mukutano mukubwa wa wamisionere kule Shanghai, akiwaambia wasimudharau Confucius. Yalisomwa, lakini walikataa kuyatia katika kitabu cha mukutano. Mwaka wa 1880 wengine wakamushitaki kwa barua iliyochapishwa, kwa sababu alikuwa ametafsiri Shangdi kwa jina la Mungu. Akajibu kwa upole, lakini hakubadili neno.

Tarehe 29 Novemba 1897 alikufa kule Oxford, akiwa bado profesa, na miaka yake karibu 82. Miaka mine mbele, kitabu chake cha kwanza kilikuwa kimechapishwa upya, naye alikuwa amekisahihisha kwa mukono wake. Pale alipokuwa ameandika kwamba Confucius si mutu mukubwa, alifuta. Mahali pake akaandika kwamba kadiri alivyozidi kumusoma, ndivyo alivyozidi kumuheshimu, na kwamba alikuwa mutu mukubwa sana.