Kanoni Awori: Mzee wa Samia aliyelea nchi mbili

Ni nadra nyumba moja kutoa makamu wa rais wa nchi moja na mgombea urais wa nchi jirani. Hilo lilitokea Samia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika familia ya kasisi wa Kianglikana aliyeitwa Jeremiah Musungu Awori. Mwanawe Moody alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya. Mwanawe mwingine, Aggrey, aliwania urais wa Uganda mwaka 2001 na kushika nafasi ya tatu. Watu wengi wa Afrika Mashariki wanayakumbuka majina ya wana hao. Baba yao, aliyefariki zamani, hutajwa kwa nadra nje ya Busia, ingawa kazi yake ndiyo iliyotangulia nyingine zote.

Kasisi Awori, ambaye baadaye alipewa cheo cha Kanoni, alikuwa Msamia. Wasamia ni jamii ya Waluhya wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria na Mto Sio, wengine Kenya na wengine Uganda. Tangu zamani walisifika kwa uhunzi. Chuma cha milima ya Samia kilifuliwa majembe na mikuki iliyouzwa kwa majirani, Waluo wakiwemo. Walilima mtama na wimbi, wakavua samaki ziwani, wakaoana na majirani zao wa pande zote. Nyakati hizo hapakuwa na mpaka.

Mpaka uliletwa na wakoloni. Hadi mwaka 1902 nchi yote kuanzia Busia hadi Naivasha ilikuwa sehemu ya Uganda, ikiitwa Jimbo la Mashariki. Mwaka huo Waingereza walilihamishia jimbo hilo katika himaya yao ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Hakuna Msamia aliyeulizwa maoni yake. Mtu aliamka akiwa mwenyeji wa nchi moja na mjomba wake, anayeishi umbali wa saa chache kwa miguu, ni mwenyeji wa nchi nyingine.

Kizazi cha akina Awori kilikua katika miaka migumu. Ugonjwa wa malale uliingia pwani ya ziwa mwanzoni mwa karne ya 20. Upande wa Uganda pekee ulikadiriwa kuua zaidi ya watu 200,000 katika miaka michache. Vijiji vya Busoga na Samia vilibaki mahame, na serikali ya kikoloni ikawahamisha watu kutoka ukingo wa ziwa. Ikaja kodi ya kibanda, kisha Vita Kuu ya Kwanza, ambamo maelfu ya vijana wa magharibi mwa Kenya na mashariki mwa Uganda walichukuliwa kuwa wapagazi. Wengi hawakurudi.

Wakati huohuo misheni zilikuwa zinafungua milango. Chama cha wamisionari wa Kianglikana, CMS, kilianza kazi Maseno mwaka 1906. Mwaka 1912 Walter Chadwick alifungua kituo Butere, na baadaye dada yake, Jane Chadwick, akaanza kuwafundisha wasichana hapo. Wamisionari hawa walitokea Uganda, na kwa miaka kadhaa Kanisa la upande huu liliendelea kuwa chini ya Dayosisi ya Uganda. Ni mwaka 1921 tu ndipo eneo la Kavirondo lilipowekwa chini ya Dayosisi ya Mombasa. Kwa hiyo, kwa karibu miaka 20 baada ya serikali kuwatenganisha Wasamia, Kanisa lilikuwa bado linawahesabu kuwa watu wa dayosisi moja.

Katika Kanisa hilo ndimo Jeremiah Awori alimofanyia kazi, na anahesabiwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza walioieneza imani ya Kianglikana magharibi mwa Kenya na mashariki mwa Uganda. Mkewe, Mariamu Odongo, alikuwa muuguzi na mwalimu wa jamii. Mume akihubiri, mke alitibu na kuwafundisha kina mama. Kwa watu waliokuwa wamezika ndugu zao kwa sababu ya malale na tauni, mikono ya muuguzi ilikuwa na maana sawa na maneno ya kasisi, pengine hata zaidi.

Kazi ya kasisi Mwafrika wa zama zile haikuishia madhabahuni. Ndiye aliyesoma barua za watu wasiojua kusoma na kuwaandikia majibu. Ndiye aliyesimamia shule ndogo zilizojengwa kwa udongo na nyasi, ambamo watoto walijifunza kusoma kwa kutumia Injili. Ndiye pia aliyesuluhisha ugomvi wa mashamba na wa ndoa. Mshahara wake ulikuwa mdogo na ulitegemea michango ya waumini, ambao nao walikuwa maskini. Mshahara huo ndio uliopaswa kuwalisha watoto wake.

Mafundisho ya Kanisa la wakati huo yaligusa pia maisha ya kila siku. Shemasi mkuu (Archdeacon) wa Kavirondo, Walter Owen, aliyefika huko mwaka 1918 akitokea Uganda, alianzisha mwaka 1923 chama cha ustawi wa walipa kodi. Wanachama waliahidi kuchimba vyoo, kuua panya wanaoeneza tauni, kusafisha nyua zao na kupanda miti. Wako waliosema chama hicho kilizima sauti ya vijana waliotaka kuikabili serikali moja kwa moja, na hoja yao ina uzito. Hata hivyo, choo na uwanja safi viliokoa maisha ya watoto, na makasisi Waafrika ndio waliokuwa karibu na watu kuliko Mzungu yeyote.

Jeremiah na Mariamu walijaliwa watoto 17. Mahali walipozaliwa watoto hao panaonyesha jinsi maisha ya wazazi wao yalivyovuka mpaka. Moody alizaliwa Butere, Kenya, Desemba 1927. Aggrey, mtoto wa kumi, alizaliwa Februari 1939 katika kijiji cha Budimo, Samia-Bugwe, upande wa Uganda. Ni baba mmoja, mama mmoja na lugha moja, lakini mmoja alikuja kuwa raia wa Kenya na mwingine raia wa Uganda. Kwa wenyeji wa Busia, Malaba, au Mwello upande wa Tororo, hilo si jambo la ajabu. Familia nyingi ziko hivyo. Kilichoitofautisha nyumba ya Awori ni elimu.

Hata majina ya watoto yalibeba historia. Wycliffe ni jina la Mwingereza aliyepigania Biblia isomwe kwa lugha ya watu wa kawaida. Hannington ni jina la askofu aliyepita Wanga mwaka 1885 na kuuawa Busoga Oktoba mwaka huohuo. Aggrey ni jina la msomi kutoka Gold Coast, James Aggrey, aliyezuru Kenya na Uganda mwaka 1924 na kuwatia moyo Waafrika wengi wapende elimu.

Watoto hao walisomeshwa, wavulana kwa wasichana. Hili linahitaji kusisitizwa. Katika miaka ya 1930 na 1940, mzazi wa Samia mwenye mabinti alihesabu mahari kabla ya kuhesabu karo. Shule zilikuwa chache, na za wasichana zilikuwa chache zaidi. Nyumba ya kasisi ilikuwa na nafasi ambayo nyumba jirani hazikuwa nayo, kwa kuwa ilikuwa karibu na misheni. Lakini kuwa karibu na shule hakulipi karo, wala hakumlazimishi baba kumpeleka binti yake.

Matunda yalionekana mapema. Mwanawe Wycliffe, aliyejulikana kama W.W.W. Awori, alikuwa mwandishi wa habari na mhariri, kiongozi katika chama cha Kenya African Union, na mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Kenya katika miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, ambapo Mwafrika kusema wazi kulikuwa na gharama. Hannington alikuwa mhandisi na kiongozi wa biashara. Nelson alikuwa profesa wa upasuaji na miongoni mwa waanzilishi wa upandikizaji wa figo nchini Kenya. Mary, aliyeolewa na Okelo, aliteuliwa meneja wa tawi la benki ya Barclays mwaka 1977, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo nchini Kenya. Pamoja na mumewe alianzisha shule za Makini, na alikuwa miongoni mwa waasisi wa taasisi ya mikopo ya wanawake, Kenya Women Finance Trust. Binti wa muuguzi wa Samia aliwafungulia mlango wa benki wanawake waliokuwa wakiambiwa walete kwanza saini ya mume.

Moody alisoma Mang'u, shule ya Wakatoliki, ingawa baba yake alikuwa kasisi wa Kianglikana. Alikuwa mbunge wa Funyula kuanzia miaka ya 1980 hadi 2007. Mwaka 2003 aliteuliwa waziri anayesimamia magereza, na Septemba mwaka huohuo akawa Makamu wa Rais baada ya kifo cha Michael Kijana Wamalwa. Wafungwa wa Kenya wanamkumbuka kwa magodoro, sare bora na televisheni, na kwa kufungua magereza ili umma ujue yanayotendeka ndani. Wakenya walizoea kumwita Anko Moody.

Aggrey alisoma Nabumali karibu na Mbale, kisha King's College Budo, halafu Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani. Aliikimbilia Uganda mbio za kuruka viunzi katika Olimpiki za Roma mwaka 1960 na Tokyo mwaka 1964. Aliongoza Televisheni ya Uganda hadi Idi Amin alipotwaa serikali Januari 1971. Baada ya mapinduzi hayo alihamia Kenya, akafundisha uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Baadaye alikuwa balozi wa Uganda nchini Marekani, mbunge wa Samia-Bugwe Kaskazini, na waziri wa teknolojia ya habari na mawasiliano kuanzia 2009 hadi 2011. Alifariki Julai 2021.

Kukimbilia Kenya kwa Aggrey kunaeleza thamani ya kazi ya baba yake kuliko orodha ya vyeo. Waganda wengi waliomkimbia Amin walifika Kenya wakiwa wageni, wakatafuta hifadhi kwa watu wasiowajua. Aggrey alifika kwa ndugu zake. Mpaka ambao wakoloni waliuchora bila kuwauliza Wasamia haukuwa umeifunga njia hiyo, kwa sababu wazazi walikuwa wameishi na kulea watoto pande zote mbili.

Mwishoni mwa mwaka 2003 ndugu wawili walikuwa wakiwawakilisha watu walewale katika mabunge mawili. Moody aliketi serikalini Nairobi akiwa mbunge wa Wasamia wa Kenya. Aggrey aliketi upande wa upinzani Kampala akiwa mbunge wa Wasamia wa Uganda. Kila mmoja aliapa kuitumikia nchi yake, na hakuna aliyelazimika kuukana ukoo wake.

Leo wafanyabiashara wanavuka Busia kupitia kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni. Mkataba wa kufufua Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Novemba 1999, na Soko la Pamoja likaanza Julai 2010. Hayo yote ni mema. Lakini mama anayevuka na kikapu cha samaki au debe la mahindi bado anaweza kusumbuliwa njiani, na mtoto mwenye baba upande mmoja na mama upande wa pili bado anaweza kutatizika anapotafuta kitambulisho. Mikataba inaandikwa Arusha. Mtu wa mpakani anahitaji itekelezwe kwenye dirisha la ofisi ya kata.

Kanoni Awori hakuwa na mkataba wala bajeti ya serikali. Alikuwa na mshahara mdogo, mke aliyeshirikiana naye kazini, na msimamo kwamba mtoto wa kike na wa kiume wote wasome. Hakuisubiri serikali ya Nairobi au ya Entebbe impe ruhusa ya kuwahesabu watu wa ng'ambo ya Sio kuwa watu wake. Wazee wa Samia wanaotaka kumkumbuka wana njia iliyo wazi: kuhakikisha kwamba hakuna binti wa Funyula, wa Budimo, au wa kijiji kingine chochote cha mpakani anayeachishwa shule kwa kukosa karo huku ukoo wake ukiwa na ng'ombe zizini.